Michango ya wanafunzi ikaguliwe kabla haijaitiwa TAKUKURU

Mzazi wa Ilongero au Ndago anayeuza alizeti ili mwanawe aende chuo hupewa karatasi yenye mistari mingi ya malipo: ada ya masomo, usajili, kitambulisho, bima ya afya, mitihani, na chini kabisa mchango wa serikali ya wanafunzi. Mistari ya juu ina wenyewe. Ada ya chuo cha umma humfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, bima ina kadi, mitihani ina matokeo. Mstari wa mwisho ndio mdogo kuliko yote, na ndio ambao mzazi huyo na mwanawe hawasikii habari zake tena mpaka mwaka mwingine wa masomo uanze na walipishwe upya.

Gazeti hili linapiga mbiu juu ya mstari huo.

Udogo wake unadanganya. Chukua chuo chenye wanafunzi 3,000, kila mmoja atoe shilingi 10,000 kwa mwaka. Hizo ni shilingi milioni 30. Shule ya msingi ya Serikali nayo hukokotolewa ruzuku ya uendeshaji kwa kiwango hichohicho cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwalimu mkuu anatakiwa kubandika mapokezi na matumizi kwenye ubao wa matangazo, kuyafikisha mbele ya kamati ya shule, na kumfungulia daftari mkaguzi wa ndani wa halmashauri siku anapobisha hodi. Mwalimu mkuu huyo ni mtumishi mwenye cheo na pensheni ya kupoteza. Kwa nini basi kijana wa miaka 22, aliyeingia ofisini kwa mabango na nyimbo za kampeni, ashike fedha kama hizo bila kudaiwa hata karatasi moja ukutani?

Tuseme mapema: hatumshutumu mtu wala chuo chochote cha mkoa huu kwa wizi. Tunachokilalamikia ni kwamba, hata kama wizi ungekuwapo, utaratibu uliopo hauna namna ya kuuona. Na hata kama haupo, kiongozi mwaminifu hana pa kuonyesha uaminifu wake. Anamaliza mwaka akiwa na minong'ono mgongoni sawasawa na yule aliyetafuna.

Mkoa wa Singida si mgeni wa kusomewa hesabu hadharani. Kijijini, mkutano mkuu hukutana angalau kila baada ya miezi mitatu, na ajenda ambayo wananchi huisubiri kuliko zote ni kusomewa mapato na matumizi. Mtendaji wa kijiji wa Mkalama au Ikungi anayefika mkutanoni bila taarifa hiyo anajua atakavyopokelewa. Wazee ambao wengine hawakumaliza darasa la saba humuuliza mfuko mmoja wa saruji ulinunuliwa wapi na kwa bei gani, na kama bei haifanani na ya duka la Singida mjini watamwambia palepale. Kijana aliyelelewa katika mikutano hiyo anaingia chuoni, anafundishwa mizania na daftari la fedha taslimu, halafu anakaa miaka mitatu bila kuona hesabu za mchango wake mwenyewe. Elimu imemwongezea maarifa na kumpunguzia haki ambayo baba yake anayo chini ya mwembe.

Jambo hili linauma zaidi hapa kwetu kuliko kwingine, na sababu iko wazi. Singida ina kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Fedha, yenye asili yake katika iliyokuwa Dar es Salaam School of Accountancy, na iliyofanywa wakala wa Serikali mwaka 2002. Vijana huja hapa kutoka kila pembe ya nchi kusomea uhasibu, fedha za umma, ununuzi na ugavi. Wanafundishwa jinsi mfumo wa malipo wa Serikali, MUSE, unavyolipa na jinsi NeST ilivyochukua nafasi ya TANePS katika ununuzi wa umma mwaka 2023. Wanajua masurufu ni nini na yanarejeshwaje. Mkoa wenye hazina hiyo ya wasomi wa daftari ulipaswa kuwa na serikali za wanafunzi zenye hesabu safi na zinazoonekana kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania, kuanzia TIA yenyewe, Chuo cha Ualimu Kinampanda, VETA, vyuo vya uuguzi na afya, mpaka wanafunzi wa kituo cha Chuo Kikuu Huria. Hilo ndilo lengo tunalolidai, na hatuoni sababu ya kudai pungufu.

Hatari kubwa iko kwenye makabidhiano. Kwa kawaida serikali ya wanafunzi huishi mwaka mmoja. Huchaguliwa, hujifunza kazi miezi miwili mitatu, hutumia, kisha uchaguzi mwingine unaingia huku mitihani ikikaribia. Waziri wa fedha anayemaliza muda anakimbilia mafunzo kwa vitendo Mwanza au Dar es Salaam, na risiti ziko kwenye begi lake, au picha zake ziko kwenye simu ambayo ameshaiuza. Mrithi wake anapokea ufunguo, meza, mhuri, na pengine deni la mwenye viti na maturubai. Akiuliza hesabu anaambiwa zipo. Akiuliza tena anaambiwa aliyezishika atarudi. Baada ya wiki kadhaa anaacha kuuliza, kwa sababu ana ahadi zake za kampeni za kutimiza, na kwa sababu ameshaelewa kuwa na yeye hataulizwa. Ubadhirifu katika mazingira hayo hauhitaji mwizi hodari. Unahitaji mtu aliyechoka na mwaka unaokwisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga hawakusema ni lazima iibwe ndipo ipotee. Fedha za wanafunzi nyingi hupotea kwa njia hiyo ya kimyakimya: jezi zilizonunuliwa bila kushindanisha bei, basi la safari ya kimasomo lililokodiwa kwa rafiki, posho za vikao ambazo kila waziri alijiandikia, sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza iliyokula bajeti ya muhula mzima. Kila kimoja kina maelezo yake. Vikijumlishwa, mwanafunzi mgonjwa anayeomba msaada wa dharura mwezi Mei anaambiwa mfuko umekauka.

Chini ya serikali ya wanafunzi kuna ngazi nyingine ambayo wakubwa wa vyuo hawaitazami kabisa, nayo ndiyo inayogusa mfuko wa mwanafunzi kila wiki. Ni michango ya darasani. Kiongozi wa darasa, yule wanayemwita CR, hukusanya fedha za kutoa nakala, za fulana za darasa, za picha ya mahafali. Mwenzao akifiwa Sepuka au Itigi, michango ya rambirambi huanza usiku huohuo kwenye kundi la WhatsApp: shilingi 1,000 huyu, 2,000 yule, kwa M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa, na namba ni ya mtu binafsi. Kiasi alichokabidhiwa mfiwa hujulikana na wote. Kiasi kilichokusanywa hujulikana na mtu mmoja. Vyama vya dini vya wanafunzi, vikundi vya wanaotoka wilaya moja, timu za mpira, navyo hukusanya hivyohivyo, kwa imani kwamba ndugu hamwibii ndugu. Undugu huo ni mzuri na tunauheshimu. Lakini akina mama wa VICOBA katika vijiji vyetu pia ni ndugu, wengine ni mawifi na mashemeji, na bado sanduku lao lina kufuli tatu, funguo wamegawana watu watatu, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama kabla kifuniko hakijashuka. Hawakuweka kufuli kwa kuchukiana. Waliziweka ili wabaki ndugu.

Kwa michango ya simu, dawa ipo na haina gharama kubwa. Huduma za vikundi kama M-Koba ya Vodacom humpelekea kila mwanachama ujumbe fedha ikiingia na ikitoka, na haitoki kwa idhini ya mtu mmoja. Darasa lisilotaka huduma hiyo liandike majina na kiasi kwenye kundi lao siku hiyohiyo, watu wawili wakishuhudia. CR atakayeona uzito kufanya hivyo asikabidhiwe michango.

Upande wa fedha kubwa, macho yanageukia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Katika vyuo vingi nchini ofisi hiyo hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: inawalea viongozi wa wanafunzi, inaidhinisha malipo yao, na inawaadhibu wakikosea. Mtu mmoja hawezi kutia saini hundi asubuhi na kuikagua jioni. Hili halihitaji mtu mbaya ili liharibike. Mwanafunzi anayeshuku malipo fulani anajua kuwa swali lake litamgusa mtu ambaye kesho atamwomba ruhusa ya kwenda msibani au barua ya utambulisho, kwa hiyo anameza swali.

Tunajua pia kuna wasiwasi wa upande wa pili, na tunauchukulia kwa uzito kwa sababu una historia. Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya mawaziri na wabunge. Mamia walifukuzwa, na jumuiya yao huru ikafuatiwa na MUWATA, iliyowekwa chini ya mkono wa chama tawala. Ilichukua miaka mingi wanafunzi kurudishiwa jumuiya yao wenyewe. Kizazi kilichosikia habari hizo kikiambiwa neno usimamizi kinasikia udhibiti, na si kosa lake. Wapo wakuu wa vyuo ambao wangefurahi kushika daftari la wanafunzi ili washike na midomo yao, wazuie fedha za kikao kila kikao kinapotaka kujadili chakula kibovu au mabweni yasiyo na maji.

Lakini tuitazame vizuri historia hiyo. Vijana wa 1978 walikuwa wakiwauliza wakubwa habari za fedha za umma. Walilipa kwa masomo yao ili haki ya kuuliza iwepo. Anayejiita mrithi wao leo hawezi kukataa kuulizwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu shilingi 10,000. Na ukaguzi tunaoudai hauendi kwa mkuu wa chuo ili aamue fedha zitumike kwa nini. Unaenda kwa wenye fedha, baada ya kutumika, wakiwa na risiti mbele yao.

Nchi nyingine zimekwishapita hapa. Uingereza iliweka jambo hili kwenye Sheria ya Elimu ya mwaka 1994. Kifungu cha 22 kinakitaka chuo kihakikishe kuwa bajeti ya chama cha wanafunzi inaidhinishwa na matumizi yake yanafuatiliwa, kwamba taarifa ya fedha inachapishwa angalau kila mwaka na kila mwanafunzi anaweza kuiona, na kwamba taarifa hiyo inataja kila taasisi ya nje iliyopewa msaada na kiasi ilichopewa. Hata namna ya kugawa fedha kwa vilabu na vikundi lazima iandikwe na iwe wazi kwa wote. Marekani, ambako vyama vya udugu vya wanafunzi hujiita kwa herufi za Kigiriki na vina nyumba, ada na waweka hazina wao, chama chenye mapato ya kawaida ya zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka huwasilisha fomu ya 990 kwa mamlaka ya kodi, na mtu yeyote anaweza kuomba kuiona. Chenye mapato yasiyozidi hapo hujaza tamko fupi mtandaoni. Kikikaa miaka mitatu mfululizo bila kuwasilisha, msamaha wake wa kodi unafutika wenyewe. Majumba yao na sherehe zao hatuna haja nazo. Fomu yao tunaitaka.

Kenya ilichukua njia nyingine. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yalibadili namna ya kuchagua viongozi wa wanafunzi, kura ya moja kwa moja ikaacha nafasi kwa wajumbe, na jumuiya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, ambako Babu Owino alijijengea jina kabla ya kuingia Bungeni mwaka 2017, haikubaki ilivyokuwa. Kubadili namna ya kupiga kura kunaweza kupunguza vurugu. Daftari hubaki limefungwa vilevile.

Hapa kwetu hatuhitaji kungoja sheria mpya Dodoma. Vyombo vilivyopo vinatosha kwa kuanzia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Mchango unaokusanywa na chuo cha umma kwa namba ya kumbukumbu ya malipo umepita mikononi mwa chuo, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuandika barua, kwa jina lake, na kuuliza: mwaka jana mlikusanya kiasi gani, mkakipeleka akaunti ipi, na kikatumika vipi? Tunawahimiza waandike. TAKUKURU ina klabu za wapinga rushwa katika shule na vyuo. Klabu hizo zimeimba na kuigiza vya kutosha. Zikiomba taarifa ya benki ya serikali ya wanafunzi ya chuo chao na kuisoma mbele ya wenzao, zitakuwa zimefanya kazi iliyobeba jina lao.

Na kuna jambo moja ambalo Singida inaweza kulifanya kabla ya mkoa wowote mwingine. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhasibu katika kampasi ya TIA wanahitaji vitabu vya kujifunzia ukaguzi. Serikali za wanafunzi za vyuo vya mkoa huu zina vitabu visivyokaguliwa. Wakutanishwe. Chini ya mhadhiri mwenye CPA anayetambuliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, timu ya wanafunzi iende Kinampanda, iende VETA, iende vyuo vya afya, ikae siku chache na hati za malipo, risiti na taarifa za benki, iandike ripoti ya kurasa tano kwa Kiswahili ambacho kila mwanachuo anakielewa. Serikali ya wanafunzi ya TIA yenyewe isikaguliwe na wanafunzi wake. Iombe mkaguzi wa ndani wa halmashauri au mtu mwingine wa nje. Gharama ni nauli na chakula. Kijana wa uhasibu atakuwa ameshika ushahidi halisi kabla hajashika cheti, na mwalimu mtarajiwa wa Kinampanda atakuwa ameonja kukaguliwa kabla hajapewa ruzuku ya shule.

Hilo la mwisho, kijana kufika kazini bila kuwahi kukaguliwa, ndilo linalotutia hofu kuliko milioni zenyewe. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, baada ya kasoro zilizoibuliwa na Mkaguzi Mkuu kuhusu vikundi na marejesho. Vikundi vilivyokuwa na daftari safi navyo viliadhibiwa kwa makosa ya vingine, na vikakaa bila mikopo mpaka utaratibu uliporudishwa. Vijana wanaoomba mikopo hiyo hawakuzaliwa wakiwa wabadhirifu. Wengi walijifunzia fedha za kikundi mahali fulani, na kwa aliyefika chuo, mahali hapo ni darasani kwa CR na kwenye ofisi ya serikali ya wanafunzi. Ndiko walikozoea kwamba fedha ya wote haina wa kuulizwa. Wahasibu wa halmashauri zetu, maafisa ununuzi, waganga wafawidhi na wakuu wa shule wa miaka kumi ijayo wako kwenye mabweni hayo sasa hivi, na baadhi yao tayari ni mawaziri wa fedha.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo yafanyike mwaka huu wa masomo. Hakuna serikali mpya ya wanafunzi kuapishwa mkoani Singida kabla inayoondoka haijabandika hesabu zake, zikiwa na salio la benki la siku hiyo na madeni yote, angalau siku 14 kabla ya kura. Anayeondoka bila kukabidhi asipewe fomu ya kumalizana na chuo mpaka akabidhi. Mshauri wa wanafunzi aondolewe kwenye kuidhinisha au kwenye kukagua, achague kimoja. Kamati ya fedha ya Bunge la wanafunzi iongozwe na mtu ambaye hakuwa kwenye kambi ya kampeni ya rais. Na mgombea atakayetumia kwenye mabango na fulana fedha nyingi kuliko posho ya cheo anachokigombea aulizwe jukwaani nani amemlipia, na anatarajia kulipwa kwa nini.

Wazazi nao wasikae pembeni. Aliyeuza vitunguu Misuna ili kulipa mstari ule wa mwisho ana haki ya kumwuliza mwanawe likizo hii kama amewahi kusomewa mapato na matumizi.

Nafasi kwenye kurasa za gazeti hili iko wazi kwa serikali yoyote ya wanafunzi mkoani Singida itakayotaka kuchapisha hesabu zake za mwaka. Hatutatoza malipo, na tutazichapisha kama zilivyo, zenye ziada na zenye upungufu, tukitaja pia vyuo tulivyoviandikia barua na ambavyo havikujibu.